Andazi la Bibi: Historia ya Chakula na Usonji

Ndugu wasomaji, nimekuwa kimya kwa muda na wengine mmeniuliza kulikoni. Kazi za gazetini zipo kama kawaida, ila safari hii kilichoninyamazisha ni kingine. Nilikuwa nasoma historia ya jambo ambalo nililipeleka kwa mikono yangu nyumbani kwa dada yangu kabla sijajua lilitoka wapi. Leo naileta hiyo historia hapa. Ni namna pia ya kumwomba radhi dada.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kiwangwa. Kwa msiopajua, ni kule kwenye barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Msata, ambako mananasi hupangwa kando ya lami, na basi likisimama tu vijana wanayakimbiza madirishani. Dada na shemeji wanalima hayo hayo mananasi, na wanaishi na mama yake shemeji, ambaye sote tunamwita Bibi. Mtoto wao wa pili, mpwa wangu, ana miaka saba sasa. Ana usonji. Anasema maneno machache. Hupanga vizibo vya soda mstari mmoja kutoka mlangoni hadi chini ya mwembe, na ukiuvuruga huo mstari majirani wote watajua.

Kabla ya kulipata hilo jina la usonji, alishapelekwa kwa waganga wawili na kuombewa mara nyingi, maana wapo waliosema ana jini na wapo waliosema ni bubu tu. Jina tulilipata kwenye hospitali moja Dar es Salaam. Pamoja na jina tukapewa kikaratasi chenye tarehe ya kurudi baada ya miezi minne. Hakuna aliyekaa na dada akamweleza afanye nini kesho asubuhi mtoto akiamka.

Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Mimi ndiye msomi wa familia, nina shahada na kitambulisho cha uandishi wa habari. Machi mwaka jana nilibaki ofisini usiku, nikaingia kwenye intaneti, nikakuta maandishi ya wazazi wa Marekani na Uingereza waliosema watoto wao walibadilika baada ya kuondolewa vyakula vya aina mbili: vya ngano na vya maziwa. Mmoja alisema mwanawe alianza kuongea baada ya wiki tatu. Nikachapa kurasa 14 kwa printa ya ofisi, Jumapili nikazipeleka Kiwangwa, nikamtafsiria dada chini ya ule mwembe naye akiandika kwenye daftari. Tulipomaliza akaniambia, "Mdogo wangu, kumbe dawa yenyewe haina hata gharama. Ningejua mapema."

Gharama ilikuwapo. Mpwa wangu alikuwa anakula vitu vitano tu: andazi, chai ya maziwa, wali mweupe usioguswa na mchuzi, ndizi mbivu, na biskuti za aina moja zenye karatasi nyekundu. Anayeishi na mtoto wa namna hii atanielewa. Si udekaji. Harufu, rangi, ugumu au ulaini wa chakula vinaweza kumtisha kama sisi tunavyotishwa na nyoka. Sasa hesabu mwenyewe: ukiondoa ngano na maziwa, katika vitano vinabaki viwili.

Aprili 2 mwaka huo, siku ambayo dunia nzima huadhimisha uelewa kuhusu usonji, nilikuwa mezani nahariri habari ya hotuba za viongozi. Maadhimisho hayo yalianza mwaka 2008, baada ya Umoja wa Mataifa kupitisha azimio Desemba 2007. Dada akanipigia simu jioni. Nyuma yake nilisikia kilio. Mtoto alikuwa analia njaa mbele ya sahani ya wali.

Mwishoni mwa Aprili nilikwenda tena. Masika ilikuwa imeshika, nilifika nimelowa. Dada alikuwa na furaha, akanionyesha daftari: mtoto sasa analala usiku kucha, hapigi tena kichwa ukutani. Lakini nilipombeba niliona wepesi wake. Tulimpeleka zahanati, mizani ikasema kilo 17. Januari alikuwa na 19. Nesi akatuuliza, mnamlisha nini? Dada akanitazama mimi.

Gazetini kuna kanuni ambayo mhariri wetu huirudia mpaka inachosha: usiandike habari ya upande mmoja. Mimi nilikuwa nimepeleka habari ya upande mmoja kwenye sufuria ya dada yangu. Nikamwomba anipe wiki mbili. Nikaanza kusoma, na safari hii nilianzia mwanzo.

Mwanzo ni Baltimore, Marekani, mwaka 1943. Daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins alichapisha maelezo ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, waliokuwa na hali ambayo hakuna aliyewahi kuieleza namna ile. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna naye akaandika kuhusu watoto wanaofanana nao. Mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner, Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, alikua, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Kabla ya kumpeleka kwa Kanner, baba yake alituma barua ya kurasa 33 akieleza kila kitu kuhusu mwanawe. Niliposoma hapo nilikumbuka daftari la dada.

Na katika maelezo yale ya kwanza kabisa chakula kimo. Kanner aliandika kwamba Donald hakuwahi kuwa na hamu ya kula kama watoto wengine, na kwamba wengi wa wale 11 walisumbua katika kula tangu uchanga. Kwa hiyo shida ya sahani ina umri sawa na jina lenyewe. Lakini Kanner aliiona kama sehemu ya hali ya mtoto. Hakusema chakula ndicho kilichomfanya awe hivyo.

Alichokosea Kanner ni kingine, na kimeumiza wengi. Aliona wazazi wa watoto wale ni wasomi wenye shughuli zao, akaandika kwamba wengi wao hawana joto la mapenzi. Wengine wakalidaka neno hilo. Wakazuka "mama majokofu", yaani wanawake wanaodaiwa kumgandisha mtoto kwa ubaridi wa moyo wao. Bruno Bettelheim wa Chicago aliisambaza imani hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Kwa miaka mingi mama alikuwa akienda hospitali kutafuta msaada kwa mtoto, anarudi na hukumu.

Aliyesimama kuipinga ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Kitabu chake cha mwaka 1964 kilisema hili ni jambo la mwili na ubongo, na mama hana kosa. Wazazi wakamkimbilia, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha chama chao. Tusisahau hapa: walikuwa ni watu waliotukanwa na wataalamu kwa miaka ishirini. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba tatizo la mwanawe liko tumboni, halipo moyoni mwa mama yake, umemtua mzigo. Rimland mwenyewe baadaye alitetea vitamini na mabadiliko ya chakula. Nadhani hapo ndipo mlango wa chakula ulipofunguliwa kwa upana.

Lakini kwa nini ngano? Hapo tunahamia Uholanzi. Daktari wa watoto Willem Dicke wa mji wa The Hague alikuwa na wagonjwa wa siliaki, watoto wanaohara, wanaokonda na kuvimba tumbo. Tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili alishuku ngano. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilipata njaa kali chini ya Wajerumani, mkate ukaadimika, na baa lile likampa sababu zaidi ya kuamini anachoshuku. Lakini hakuishia kuamini. Aliwapa wagonjwa ngano, akaiondoa, akaipa tena, na yeye na wenzake wakapima mafuta kwenye choo cha watoto. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950. Leo hakuna ubishi: mwenye siliaki akila gluteni, ile protini ya ngano na shayiri, utumbo wake unadhurika.

Ushindi ule uliwafanya wengine wajiulize kama ngano inaharibu pia akili. Mwaka 1966 Curtis Dohan wa Marekani alilinganisha uhaba wa ngano wakati wa vita na idadi ya waliolazwa kwa skizofrenia katika nchi kadhaa, akaona vinakwenda pamoja. Mwaka 1979 watafiti walionyesha kwamba gluteni na kaseini, protini ya maziwa, zikimeng'enywa zinaweza kutoa vipande vinavyofanya kazi kama afyuni. Mwaka huo huo Jaak Panksepp akatoa wazo kwamba mtoto mwenye usonji ni kama mtu aliyeleweshwa na afyuni ya mwili wake mwenyewe: hahisi maumivu vizuri, hatafuti watu. Kisha Kalle Reichelt wa Norway akasema ameviona vipande hivyo kwenye mkojo wa watoto wenye usonji. Picha ikakamilika: utumbo unavuja, afyuni ya mkate na maziwa inapanda kichwani, mtoto analewa. Ondoa mkate na maziwa, mtoto analevuka.

Lazima nikiri ni hadithi nzuri. Hata mimi ilinikamata. Mwaka 1998 ikapata nguvu zaidi pale Andrew Wakefield wa Uingereza alipochapisha katika jarida la Lancet habari za watoto 12, akiunganisha tumbo, usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Mwaka 2010 Lancet iliifuta makala ile na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Chanjo haisababishi usonji, hilo limepimwa kwa watoto wengi sana katika nchi nyingi. Lakini kufikia hapo habari ya tumbo ilikuwa imeshazunguka dunia, mpaka ikafika kwenye printa ya ofisi yetu.

Sasa, kabla ya kuhukumu, nataka mjue kwamba kuna ugonjwa mmoja ambao chakula kweli huokoa akili ya mtoto. Unaitwa fenilketonuria. Mwaka 1934 mama mmoja wa Norway, Borgny Egeland, alikuwa na watoto wawili wenye ulemavu wa akili, na mkojo wao ulikuwa na harufu ya ajabu. Alizunguka kwa madaktari miaka na miaka wakimpuuza, hadi alipofika kwa Asbjørn Følling, ambaye aliupima mkojo na kuukuta unageuka kijani kwa dawa ambayo haikupaswa kuugeuza hivyo. Miili ya watoto wale ilishindwa kuvunja kitu kimoja kilichomo kwenye protini, fenilalanini, kikawa kinarundikana na kuharibu ubongo.

Miaka ya mwanzo ya 1950, Birmingham, Uingereza, mama mwingine alikuwa na binti wa miaka miwili, Sheila, asiyeweza kusimama, anayelia na kujigonga kichwa. Kila siku alimfuata Daktari Horst Bickel akimwuliza: dawa iko wapi? Bickel na wenzake, John Gerrard na Evelyn Hickmans, wakatengeneza chakula maalumu kilichopunguzwa fenilalanini. Sheila akaanza kutambaa, akasimama, akapanda viti, kilio kikapungua. Kisha wakafanya jambo ambalo nililisoma mara tatu. Wakairudisha fenilalanini kwenye chakula chake bila kumwambia mama. Haikupita siku, mtoto akaanza tena kulia na kujigonga, akashindwa kusimama. Hapo ndipo walipojua kwa hakika. Makala yao ilitoka mwaka 1953, na miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani akaleta kipimo cha tone la damu ambacho kimeokoa maelfu ya watoto wachanga.

Wasomaji wangu, mnaona kilichomtofautisha Bickel na kurasa zangu 14? Kuondoa chakula ni nusu ya jaribio. Nusu ya pili ni kukirudisha mtu anayemwangalia mtoto asijue kimerudi. Mzazi anayetumaini ataona nafuu hata pasipo na nafuu. Si uongo, ni upendo, na upendo haupimi sawasawa.

Je, kwa usonji nusu hiyo ya pili ilifanywa? Ndiyo, ila kwa kuchelewa. Mwaka 2002 watafiti wa Norway, akiwamo Reichelt, walifuatilia watoto 20 kwa mwaka mmoja, nusu yao wakiwa kwenye chakula bila gluteni na kaseini, wakaripoti maendeleo. Lakini wazazi walijua nani anakula nini. Mwaka 2006 Jennifer Elder na wenzake wa Florida walichukua watoto 15 kwa wiki 12, wakibadilishana vyakula bila familia kujua. Vipimo havikuonyesha tofauti ya maana. Hata hivyo baadhi ya wazazi walisema wameona nafuu! Mwaka 2008 wataalamu wa London waliitafuta ile afyuni kwenye mkojo wa wavulana wenye usonji, wasiione. Mwaka 2016 kundi la Susan Hyman wa Rochester liliwaweka watoto 14 kwenye chakula hicho, kisha likawapa kwa siri vitafunwa vyenye gluteni au kaseini. Hapakuwa na mabadiliko katika usingizi, choo wala tabia. Majaribio haya ni madogo, sikatai, na wapo waliopata matokeo yanayotia moyo pale ambapo wazazi walijua kinacholiwa. Lakini mwongozo wa serikali ya Uingereza wa mwaka 2013 ulisema wazi kwamba chakula cha kuondoa gluteni au kaseini kisitumike kutibu dalili kuu za usonji.

Upande wa hasara nao ulipimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima mifupa ya wavulana wenye usonji wakakuta ni myembamba kuliko ilivyotarajiwa, na kwa walionyimwa maziwa upungufu ulikuwa mkubwa zaidi.

Tena kuna jambo moja ambalo kurasa zangu 14 hazikuwa nalo kabisa, nalo ni mahali. Kule Marekani mkate usio na ngano ni wa bei ghali, maziwa ya soya na mlozi yako dukani, na mtaalamu wa lishe anaandika orodha. Kiwangwa kinyume chake: unga usio na ngano ndio chakula cha asili. Wakwere walikula mtama, mahindi, muhogo na kunde kabla andazi halijasikika. Ngano yenyewe ina mambo yake katika nchi hii. Kuanzia karibu mwaka 1970 serikali kwa msaada wa Canada ililima ngano Hanang, mashamba makubwa yaliyokuja kufikia kama ekari 100,000, kwenye malisho ya Wabarbaig, na wafugaji wengi wakatawanyika na ng'ombe wao kutafuta pengine. Kwa hiyo kumnyima mtoto wa Kiwangwa ngano ni rahisi kwenye karatasi, mbadala umejaa shambani. Shida ni kwamba mtoto huyu hali muhogo. Na maziwa, ambayo akina mama wa wafugaji huyapitisha kwa dada kwenye vidumu kila asubuhi, ndiyo yalikuwa protini yake peke yake ya maana. Nilikuwa nimemfungia kisima kwa kuwa mtu wa mbali alisema maji yana chumvi.

Wala habari kwamba usonji ni wa Wazungu walao mikate haisimami. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha matokeo ya kuzunguka nchi kadhaa za Afrika akitafuta watoto wa namna hii, akawapata. Na mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto wa hapa hapa Tanzania, wakiwamo ambao dalili zao zilionekana baada ya malaria kali. Watoto hawa wamekuwapo siku zote. Tuliwaita majina mengine tu.

Basi Jumapili ya pili ya Mei nikarudi Kiwangwa. Tukakaa chini ya mwembe ule ule, Bibi yuko pembeni anachambua mchele kwenye ungo. Nikamweleza dada yote, nikafika kwa Sheila wa Birmingham. Bibi akaacha kuchambua.

"Hao madaktari walimlisha mtoto kwa siri?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mama yake hajui?"

"Hajui."

Bibi akapeta mchele mara mbili, tatu. Kisha akasema, "Basi mimi nami ni daktari."

Ikabidi atueleze. Wiki ile ya pili, mtoto alipolia usiku kucha, hakuvumilia. Tangu siku iliyofuata kila alfajiri alimchukua kwa kisingizio cha kwenda kuwafungulia kuku, akapita naye kwa jirani anayekaanga maandazi, akamnunulia moja. Wakati mwingine mawili. Mtoto alikula nyuma ya banda, wakarudi. "Mjukuu wangu hawezi kulala na njaa nami niko hai," akasema, na hakuomba msamaha.

Dada hakusema kitu. Akaingia ndani, akatoka na daftari, akaanza kufunua kurasa kurudi nyuma. Wiki ya kwanza: analia, hali. Wiki ya pili: analia zaidi, amejigonga kichwa. Wiki ya tatu: amelala usiku kucha. Wiki ya nne: ametulia. Pembeni ya wiki ya tatu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Chakula kimeanza kufanya kazi." Kidole chake kilikaa hapo muda mrefu. Nilitegemea amkasirikie Bibi, au anikasirikie mimi, na alikuwa na haki kwa wote wawili. Akasema polepole, "Kumbe usiku aliolala ni usiku alioshiba."

Sisemi andazi ni dawa ya usonji, msije mkaninukuu vibaya. Nasema tulikuwa tunasoma njaa ya mtoto na kuiita ugonjwa, kisha tukasoma shibe yake na kuiita uponyaji. Ile nafuu ilikuwa ya kweli. Tuliyekosea kumtaja ni aliyeileta.

Jumatatu yake chai ya maziwa ilirudi. Mpaka Agosti kilo zilikuwa 19 na nusu. Kilichobadilika kwa kudumu ni vitu vidogo. Nesi wa zahanati aligundua kwamba mtoto alikuwa anafunga choo siku nne, tano, jambo la kawaida kwa watoto hawa wanaokula aina chache, na asiyeweza kusema "tumbo linaniuma" hugonga kichwa. Alitibiwa hilo. Anakula saa zile zile, sahani ile ile. Afisa lishe wa halmashauri akamfundisha dada kuweka chakula kipya kidogo pembeni ya sahani, bila kumlazimisha hata kukigusa, siku baada ya siku.

Kwa mzazi anayefikiria kuondoa ngano au maziwa, nasema haya kama mtu aliyeungua. Kwanza, mtoto apimwe, maana siliaki ipo na kushindwa kumeng'enya maziwa kupo, na mtoto mwenye usonji anaweza kuwa navyo kama mtoto yeyote. Kipimo cha siliaki kifanywe akiwa bado anakula ngano, la sivyo kinaweza kudanganya. Pili, usiondoe kitu kabla ya kujua utaweka nini mahali pake ambacho mtoto huyo, si mtoto mwingine, atakubali kukila. Tatu, mpime uzito. Nne, kama ukiona nafuu, kuwa na ujasiri wa kukirudisha chakula na kuangalia. Na kwa ninyi ndugu wa mbali wenye intaneti kama mimi: kabla ya kumpelekea mama aliyechoka karatasi, jua kwamba ataifuata. Huyo mama amelaumiwa kwa jini, kwa dhambi, kwa moyo wa baridi. Tusimwongezee lawama ya jikoni.

Nilikwenda tena mwezi uliopita. Mpwa wangu ni mtoto wa Kiwangwa asiyekula nanasi, jambo ambalo shemeji hulitania kila siku. Dada ameweka kipande pembeni ya sahani yake tangu Agosti ile, na mara zote kilibaki kama kilivyowekwa. Siku hiyo alikishika. Akakinusa, akakilamba mara moja, uso ukakunjamana. Kisha akatoka nje na kipande chake, akakiweka kwenye mstari wa vizibo, kati ya kizibo chekundu na cha kijani.

Dada akachukua daftari akaandika tarehe.

Tukutane tena panapo majaliwa.